Kiti Kilichojifunza Kwangu

Jambo la bwawa la Ilambo lilipozwa mara ya kumi na moja siku ya Jumanne asubuhi, kwa sauti yangu mwenyewe, nami nilikuwa nyumbani nachambua kunde.

Redio ilikuwa dirishani. Nilimsikia mbunge wa Kirumbi akisimama, akasema ukuta wa bwawa umepasuka na mvua zimeshaanza kule juu. Wengine wakapiga meza. Mmoja akauliza kama watu wa chini sasa wanatafuta kisingizio cha kupanda mlimani. Ikawa kelele. Halafu nikajisikia mimi. Siyo sauti hii ya sasa yenye mikwaruzo, bali ile ya miaka kumi na minne iliyopita, laini, kama ya mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

"Waheshimiwa, hili ni la moto. Na lipoe. Twende chai."

Basi wakaenda chai.

Nilikuwa bado nimeshika ungo aliposimama mtu mlangoni. Ni Nyambu Mwadime, mhandisi wa bwawa, kijana wa miaka arobaini lakini mabega yameinama kama ya mzee. Viatu vyake vilijaa matope mekundu, akavivua nje bila kuambiwa.

"Hodi, Mama Spika."

"Karibu. Uspika uliisha, lakini karibu."

"Haujaisha," akasema. "Nimetoka kukusikia garini."

Hakucheka, nami sikucheka. Alitoa kitambaa mfukoni akakifungua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na kipande cha kioo, kirefu kama kidole, kimekatika katikati.

"Hiki nilikibandika juu ya ufa," akasema. "Saruji huku, saruji kule, kioo katikati. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinakatika. Cha kwanza kilikaa mwaka mzima. Cha pili miezi mitatu. Hiki ni cha Ijumaa."

Leo Jumanne. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, asinione.

"Una muda gani?"

"Mvua ikinyesha kama jana, siku mbili. Labda tatu. Siwezi kukuapia."

"Na Kirumbi wako wangapi?"

"Mia tisa na arobaini. Nimepita nyumba kwa nyumba."

"Si wahame."

"Wahamie wapi, Mama? Ukitoka Kirumbi ukapanda hatua mia tatu, umevuka mpaka. Mpaka wako."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio. Ni lazima niueleze, kwa kuwa yote yalitoka humo.

Zamani jimbo letu la Mwasenga lilikuwa na maspika wa kupita tu. Mmoja alikaa miezi mitano, akapeleka barabara hadi kwa mama mkwe wake, akaondoka kwenda bunge la juu. Mwingine alitanguliza miswada ya watu waliomchagua, akang'olewa kabla ya Krismasi. Kila aliyekalia kiti alikiona ngazi. Tulikuwa na maspika saba kwa miaka minne, na kila mmoja aliyageuza mambo: la kwanza likawa la mwisho, la mwisho likasahaulika. Katika miaka hiyo watu wa juu na watu wa chini walipigania kisima cha Mavumbi. Tulizika arobaini na watatu kwa wiki moja. Mmoja wao alikuwa Mwakio, mwanangu.

Ndipo wakanichukua mimi. Nilisoma hadi darasa la nne, nikajua kusoma kiapo, ikatosha. Walitaka mtu asiyekuwa na safari ya kwenda mbele. Nilikaa miaka kumi. Nikaweka mpaka kati ya juu na chini, kila upande na malisho yake na saa zake za maji, na tangu siku ile hapakuzikwa mtu kwa ajili ya kisima.

Wakaona wasiupoteze utulivu ule. Kiti cha Spika kilitengenezwa upya kwa kitu kinachosoma: mikono yake ilihisi jasho la viganja vyangu, mgongo wake ulisikia mapigo ya moyo, na kila nililolitanguliza au kulirudisha nyuma kililiandika. Kwa miaka sita kilinisoma kila siku ya kikao. Nilipostaafu, kikaachiwa kazi. Hatuna spika mwingine tena. Kiti kinapanga shughuli za siku kama ningepanga mimi, na kinasema kwa sauti yangu. Siku waliponiaga nilijivunia sana. Nilijiambia, kazi yangu haitakufa.

"Kifungu cha mwisho cha sheria ya kiti," Nyambu akasema. "Spika aliyesomwa anaweza kukalia kiti mara moja tena, akajitengua."

"Nakijua. Nilikuwepo kikiandikwa."

"Basi twende, Mama."

"Nikijitengua, kila lililoamuliwa na kiti linaanguka. Na mpaka upo humo. Kiliuandika upya chenyewe mara tatu."

"Najua."

"Wajua. Ulikuwa na umri gani wakati wa Mavumbi?"

"Kumi na sita," akasema. "Nilibeba machela. Nilimbeba Mwakio pia, Mama. Sikuwahi kukuambia."

Kunde zangu zilikuwa zimemwagika nusu sakafuni, wala sijui zilimwagika saa ngapi.

*

Jumatano asubuhi nilivaa leso yangu ya kijani, ile niliyoivaa siku ya kuapishwa. Karani wa Bunge, Bwana Kilelu, alinipokea ngazini akanishika kiwiko. Tulifanya kazi pamoja miaka yote kumi. Amekuwa mnene, na nywele zimebaki kando tu.

"Mheshimiwa Spika amekuja kuangalia kama tumevunja vikombe," akasema.

"Mmevunja vingapi?"

"Tumebakiwa na sita. Vingine waheshimiwa walivichukua nyumbani."

Lakini alipoona nimemtazama bila kucheka, aliiacha mizaha akanipeleka ndani.

Waheshimiwa walisimama wote. Wengi sikuwajua, ni watoto wa niliowajua. Walinitazama kama watu wanavyotazama picha iliyoshuka ukutani. Kilelu aliweka karatasi moja mbele yangu, hoja ya bwawa, na kando yake kibao cha shaba.

"Utaratibu ni mfupi," akasema polepole, Bunge zima lisikie. "Mama akitaka kujitengua, aweke dole gumba hapa na aseme, najitengua. Asipotaka, analiamua jambo lililoko mezani kama spika yeyote, kisha anainuka. Ni mara moja. Hakuna ya pili."

Nikakaa. Mikono ya kiti ilikuwa ya joto, kama mtu aliyetoka hapo sasa hivi. Na aliyetoka hapo ni mimi.

"Shikamoo, Mama," kiti kikasema.

Sikujua kama nijibu marahaba. Hebu fikiri, kuamkiwa na sauti yako mwenyewe.

"Kwa nini unalipoza jambo la bwawa?" nikauliza.

"Kwa sababu wewe ungelipoza."

"Watu watakufa."

"Kuwahamisha ni kuvuka mpaka. Kila palipotajwa mpaka, moyo wako ulikwenda mbio. Miaka sita, kila mara, bila kukosa. Jambo lililokwenda na moyo huo uliligeuza kifudifudi upande wa kushoto, ukaita chai. Hakuna nilichojifunza vizuri zaidi ya hicho."

Ilikuwa kweli. Ile ilikuwa desturi yangu. Sikupenda mtu aambiwe hapana mbele ya wenzake akaona aibu, basi niliweka kanuni: spika akiigeuza karatasi kifudifudi, jambo limepozwa, hakuna kura, hakuna aliyeshindwa. Watu walinisifu kwa hilo. Kumbe moyo uliokuwa ukienda mbio ulikuwa unamwona Mwakio kwenye machela, na kiti kikachukua kilio changu kikadhani ni busara.

"Umejifunza nusu," nikasema. "Nilikuwa nalipoza hapa mchana, jioni nakwenda kwa wenyewe. Nakaa jikoni kwao. Nawasikiliza. Kisha nalirudisha. Wewe hukuniona jioni."

"Yaliyopozwa ni mia nne na kumi na mawili," kiti kikasema kwa upole. "Yaliyorudishwa mezani ni thelathini na moja."

Niligeuka kwa Kilelu. "Kinasema nini hiki?"

Kilelu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mengine yaliishia majumbani," nikasema. "Kilelu. Si tulikuwa tunakwenda wote? Kwa yule mzee wa ng'ombe waliochukuliwa. Kwa wale wajane wa kule Shashini."

"Tulikwenda, Mama."

"Basi sema."

"Tulikwenda. Ulikunywa uji wao. Uliwashika mikono. Walifurahi sana, Mama, mpaka leo wanakusimulia."

"Na mambo yao?"

Mahali fulani nyuma mheshimiwa mmoja alikohoa. Nilijaribu kuwakumbuka wajane wa Shashini, walitaka nini hasa. Nilikumbuka uji ulikuwa wa mtama na ulikuwa na ndimu. Nilikumbuka mkeka. Walichokitaka sikukikumbuka.

Miaka ishirini na minne nimelala usingizi nikiamini nilirudi.

Kibao cha shaba kilikuwa kinang'aa. Niliweka dole gumba karibu nacho, nikaona ukungu wa pumzi yangu juu yake. Nikisema neno lile, mpaka unaanguka leo. Upande wa kulia niliwaona wabunge wa juu, wameegemea mbele, mikono imekunjwa, na mmoja wao alikuwa na paji la uso la babake, aliyekuwa na rungu mkononi pale Mavumbi. Upande wa kushoto wa chini, nao hivyohivyo. Walikuwa wanangoja. Miaka yote ile walikuwa wanangoja tu, na mimi niliita kungoja kwao amani. Arobaini na watatu kwa wiki moja, na wakati ule watu walikuwa wachache. Nisiposema, ni mia tisa na arobaini, na maji hayachagui.

Hesabu ni nyepesi. Mtoto wa darasa la nne angeifanya. Lakini wale wa Kirumbi sikuwaona usoni, na Mwakio nilimwona, shati lake la bluu, mkono mmoja unaning'inia nje ya machela, na sasa nilijua nani alikuwa ameshika mpini wa mbele. Mikono ya kiti ikazidi joto.

"Mama, moyo wako unakwenda mbio," kiti kikasema. Hakuna aliyewahi kusema nami kwa huruma namna ile.

"Ngoja kidogo," nikasema. "Ngojeni nifikiri. Kilelu, hebu nipatie chai."

Bunge likainuka.

Sikuelewa. Viti vilikwaruza sakafu, watu wakaanza kutoka, wengine wakipumua kama waliotua mzigo. Nyambu alikuwa kwenye roshani ya wageni, amesimama, mikono juu ya kichwa.

"Wanakwenda wapi?" nikauliza.

"Mama," Kilelu akasema.

Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto. Nikautazama nami. Ulikuwa umelala juu ya karatasi, na karatasi ilikuwa kifudifudi. Sikuigeuza. Naapa sikujua nimeigeuza. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kufukuza nzi.

"Jambo limepozwa," kiti kikasema, na sauti ilikuwa na shukrani.

"Sikuamua. Kilelu, andika kwamba sikuamua."

"Ni kanuni yako, Mama. Karatasi ikigeuzwa. Ungeweka dole kwanza. Ungeweka dole, kisha ukaomba chai."

Nililibandika dole kwenye kile kibao, nikasema najitengua, nikasema tena na tena, sauti yangu ya kizee ikajaa chumba kitupu. Shaba ilikuwa baridi. Kiti kilikuwa kimeshaanza kusoma shughuli za Alhamisi: ukarabati wa lango, mnada wa samani, ombi la sare mpya za kwaya.

*

Saa kumi na mbili jioni tulifika Kirumbi, mvua inanyesha ya kujaza ndoo. Nyambu alikuwa hajasema neno njia nzima. Aliniacha kwenye nyumba ya kwanza, akapanda kwenda ukutani kubandika kioo kingine.

"Cha nini sasa?" nilimuuliza.

"Sijui kufanya jambo jingine, Mama," akasema.

Nyumba ya kwanza ni ya Mghoi. Mghoi ndiye aliyekuwa akipika chai ya Bunge miaka yangu yote kumi. Alinivua leso iliyolowa, akanipa yake kavu, akanikalisha karibu na jiko kabla sijafungua mdomo. Wajukuu wake walikuwa wamelala mkekani, watatu, na majirani waliponisikia wakaja wakajaa mlangoni.

Nikawaambia. Nikawaambia ufa, na kioo, na siku mbili ambazo sasa ni moja. Nikawaambia wabebe watoto na magodoro waende juu, wavuke alama za mpaka, mimi nitatangulia mbele, wakinipiga mawe wa juu wanipige mimi.

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja akauliza, "Kiti kimesema?"

"Kiti kimekosea."

Wakatazamana. Mwanamke mmoja akacheka kidogo, siyo kwa ubaya, kama unavyocheka mtoto anapotaja jambo la wakubwa.

"Mama," Mghoi akasema, "mimi ndiye niliyekuwa nachemsha ile chai. Miaka kumi nimesimama nyuma ya pazia na birika. Nilisikia wanakaribia kushikana mashati, halafu wewe unasema na lipoe, naingia na sinia, na wanaume wale wanachukua vikombe kama watoto. Nilikuwa narudi nyumbani namwambia marehemu mume wangu, huyu mama ametuokoa tena leo."

"Nilikuwa naogopa tu, Mghoi."

"Huenda. Lakini tulilala." Aliionyesha redio kwa kidevu. Ilikuwa kwenye rafu, imefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. "Yule pale ni wewe, siku zile ulipokuwa na nguvu zako. Na huyu hapa ni wewe umelowa, unatetemeka, hujala tangu asubuhi. Nyote wawili ni Mama Spika. Sasa unataka nimwamini yupi?"

Miaka ishirini na minne niliwafundisha hivyo, kwamba jambo zito huondoka lenyewe ukikaa kimya, na walikuwa wanafunzi wazuri kuliko kiti.

"Ukivuka mpaka watakukata," yule mzee akasema. "Hilo tunalijua. Ukuta tunaambiwa tu."

Majirani wakaanza kuondoka mmojammoja, wakinishika mkono, wakinishukuru kwa kuja. Kila mmoja alinishukuru. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka ilibidi wainame sikioni ndipo niwasikie. Mghoi akamimina chai kwenye kikombe cha udongo chenye nembo ya Bunge, akanipa kwa mikono miwili.

Nilikipokea. Maisha yangu yote sijawahi kukikataa kikombe. Hata nyumba ya aliyemuua Mwakio nilikwenda, nikanywa.

Nikakigeuza. Chai ikamwagika juu ya majivu, ikafuka, nikakilaza kikombe kifudifudi kwenye sinia.

"Hapana," nikasema. "Sinywi. Waamshe watoto."

Neno lile lilitoka dogo. Sikuwa nimelizoea kinywani. Mghoi alinitazama, akatazama kikombe, na nadhani kwa nusu pumzi alitaka kuinuka. Mkono wake uligusa mguu wa mjukuu wa kwanza.

Kisha redio ikasema. Ilikuwa saa ya tangazo la jioni, naye yule mimi mwingine, mwenye sauti ya kijana, mtulivu, aliwaambia watu wa Kirumbi kwamba amesikia hofu yao, kwamba hakuwasahau, na kwamba jambo lao litarudi mezani baada ya mapumziko. Hata mimi, nilipoisikia, mabega yangu yalishuka.

Mghoi akauondoa mkono. Akachukua pindo la leso akafuta sinia, akakigeuza kikombe kikasimama, akamimina tena.

"Utakunywa tu, Mama," akasema. "Tumekuzoea."

"Hapana," nikasema.

"Haya, Mama. Haya." Akakiweka karibu na goti langu, akajikunja kando ya wajukuu wake kuwafunika vizuri.

Nilikaa palepale. Kule juu, katikati ya mvua, nilimsikia Nyambu akiita. Alikuwa mbali na sikumwelewa, nikasikia tu kwamba anaita Mama, Mama, na kwamba hashuki kwa kutembea, anakimbia.